Uzi: Kabla ya kumsifu au kumkataza mwanafunzi mwenye biashara, muulize kama biashara hiyo inaweza kusimama wiki tatu

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Nimefundisha hisabati na hesabu za biashara katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na haupiti muhula bila kumpata angalau mwanafunzi mmoja ambaye mkoba wake umebeba bidhaa nyingi kuliko madaftari. Mijadala kuhusu vijana hawa hugawanyika mapema mno: wapo wanaosema waachwe watafute pesa kwa kuwa ajira ni haba, na wapo wanaosema shule kwanza, mengine yatakuja. Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa sababu zote zinabishana kama mwanafunzi aruhusiwe kufanya biashara, ilhali kinachomjenga au kumvunja ni aina ya biashara aliyoichagua, na hasa kama biashara hiyo inaweza kusimama kwa wiki tatu bila mtu yeyote kuumia.

Nianze na daftari, maana ndilo lililonifungua macho. Mvulana wa miaka 15 alinijia baada ya vipindi akiwa na uso wa mtu aliyefaulu, akafungua daftari ambalo kwa mbele lilikuwa la jiografia, na kwa nyuma, likiwa limepinduliwa juu chini, lilikuwa la mauzo. Alikuwa akiuza makava ya simu. Alinunua 60 kwa jumla, akauza 41 ndani ya wiki sita, na chini ya ukurasa alikuwa ameandika neno FAIDA kwa wino mwekundu na kulipigia mistari miwili. Sitataja sarafu yoyote, tutumie namba tupu: kila kava alilinunua kwa 3 na kuliuza kwa 5, kwa hiyo alizidisha 2 kwa 41 akapata 82. Nikamuuliza kama hizo 82 anazo mfukoni. Akacheka kidogo, akasema mfukoni hamna kitu, lakini zipo.

Tukakaa, tukahesabu upya. Usafirishaji ulimgharimu 20, na vifurushi vya intaneti vya kutangazia bidhaa vilikula 15, ambazo hakuziandika kwa sababu zilitoka kwenye pesa ya matumizi anayopewa nyumbani. Makava 6 kati ya yale 41 aliyatoa kwa mkopo kwa marafiki ambao sasa walikuwa wakimwona kwa mbali wanakata kona, na hapo ni 30 nyingine. Kati ya makava 19 yaliyobaki, 10 yalikuwa ya aina ya simu ambayo darasa zima halikuwa tena na mtu anayeitumia, na gharama yake ni 30. Ukiyatoa yote hayo kwenye 82, unabaki na hasara ya 13. Alitazama ncha ya kalamu yangu kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, na zile saa zangu tunaziandika wapi?" Alikuwa ametumia takriban saa mbili kila siku kwa siku 42, yaani saa 84, na hazikuwa zimeandikwa popote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimejifunza kwamba hata mali yenye daftari hupotea ikiwa daftari lenyewe linajua kuandika yanayoingia tu. Kijana yule hakuwa mzembe wala hakuwa mjinga wa hesabu, kwani kuzidisha na kutoa alikuwa akinishinda hata mimi kwa kasi. Shida ni kwamba biashara ya mwanafunzi huishi kwa ruzuku ambayo haionekani: chumba, umeme, simu, chakula, mara nyingine hata mtaji wenyewe, vyote hutoka kwa mzazi na haviingii kwenye hesabu. Mtu mzima aliyepanga fremu hugundua upesi kwamba biashara yake haiendi, kwa kuwa mwenye nyumba atamgongea mlango mwisho wa mwezi. Mwanafunzi anaweza kupata hasara mwaka mzima asigongewe na mtu.

Hata hivyo, hasara ya namna hiyo hainitishi. Hasara ya 13 ni ada ndogo kwa somo kubwa, na aliyeipata hurudi darasani akiwa na akili zaidi. Anayenitia hofu ni yule aliyepata faida ya kweli, kwa sababu biashara inayokua haiombi ruhusa kwa mwalimu. Wateja wakiongezeka, simu huanza kuita saa za usiku, oda huahidiwa siku ya jaribio, na kijana aliyeanza kwa saa mbili za Jumamosi hujikuta akifikia saa 20 kwa wiki bila kukumbuka siku aliyoamua iwe hivyo. Namba hiyo siiokoti hewani. Tafiti za Marekani kuhusu wanafunzi wa sekondari wanaofanya kazi zimekuwa zikiitumia kama mstari wa hatari kwa miongo kadhaa: zaidi ya saa 20 kwa wiki huendana na alama kushuka na usingizi kupungua, ingawa watafiti wenyewe hubishana iwapo kazi ndiyo inayoshusha alama au wanaochoka na shule ndio wanaokimbilia kazi. Wataalamu wa usingizi wa huko huko walitoa pendekezo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10, na sijawahi kuona mpango wa biashara wa mwanafunzi wenye mstari wa usingizi.

Ndiyo maana swali langu kwa kila anayenijia ni moja. Ukifunga wiki tatu za mitihani, nani ataumia? Anayenunua bidhaa zisizooza na kuziuza taratibu hufunga boksi, akalisukuma chini ya kitanda, basi. Anayewafundisha watoto wa madarasa ya chini mwishoni mwa wiki huwaaga kwa muda, na anayechora nembo kwa oda moja moja huacha kupokea oda. Lakini aliyechukua malipo ya miezi mitatu kabla, aliyekopa kwa marejesho ya kila wiki, aliyemwajiri mwenzake, au aliyeanza kufuga, huyo hana namna ya kusimama. Kuku hawaijui ratiba ya mitihani.

Karibuni tujadili, na wenye mawazo tofauti wasisite.

Mpanda Ngazi

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, ila naona unawafundisha vijana uoga. Watu wote wakubwa tunaowataja leo walianza wakiwa wadogo, na kama wangeulizwa hilo swali lako la wiki tatu wasingeanza kamwe. Bill Gates alianza akiwa shuleni, Warren Buffett, yule mwekezaji bilionea wa Marekani, alianza akiwa mtoto, mwanzilishi wa IKEA, ile kampuni ya samani, alikuwa na miaka 17, na yule kijana wa Uingereza aliyeiuzia Yahoo programu yake mwaka 2013 alikuwa bado na miaka 17. Leo simu moja ni duka, ni ofisi na ni benki. Kumwambia kijana mwenye kipaji asubiri mitihani iishe ni kumfunga kamba miguuni wakati wenzake wanakimbia.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Mpanda Ngazi, asante kwa kuwataja, maana hao ndio mashahidi wangu na si wako. Tuwatazame mmoja mmoja kwa yale yanayojulikana wazi.

Bill Gates na Paul Allen walikuwa na biashara iliyoitwa Traf-O-Data mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyokuwa ikichambua kanda za karatasi kutoka kwenye mashine za kuhesabu magari barabarani. Haikuwatajirisha, na hadithi inayokumbukwa zaidi ni ile ya mashine yao kugoma mbele ya mteja waliyekuwa wakimwonyesha inavyofanya kazi. Gates hakuacha sekondari kwa ajili yake. Alimaliza mwaka 1973, akaenda Harvard, na Microsoft ilianzishwa mwaka 1975. Watu hupenda kusema aliacha shule, lakini alichoacha ni chuo kikuu, tena baada ya kumaliza sekondari ambayo ilikuwa na kitu ambacho shule chache sana duniani zilikuwa nacho mwaka 1968: mtambo wa kuunganishwa na kompyuta, ulioletwa kwa fedha ambazo chama cha akina mama wa wanafunzi kilizipata kwa kuuza vitu vikuukuu. Tukitafuta wajasiriamali katika hadithi hiyo, mimi ningeanza na akina mama hao.

Buffett alikuwa akisambaza magazeti alfajiri, kazi ambayo inaisha kabla kengele ya shule haijalia. Mwaka 1944, akiwa na miaka 13, alijaza ritani yake ya kwanza ya kodi na kuiingiza baiskeli yake katika matumizi ya biashara. Huo ndio ukurasa ambao mvulana wangu wa makava hakuwa nao. Baadaye kidogo, yeye na mwenzake walinunua mashine kuukuu ya mchezo wa sarafu kwa dola 25 na kuiweka kwa kinyozi. Hebu fikirieni biashara hiyo: mashine inachezewa mwenye mashine akiwa darasani, na kinyozi anakula mgawo wake. Buffett akipata homa wiki tatu, mashine haijui.

Ingvar Kamprad alisajili IKEA mwaka 1943, na mtaji wake unasimuliwa kuwa zawadi ya baba kwa kufanya vizuri katika masomo. Alikuwa ameanza zamani kwa kuuza viberiti alivyonunua kwa jumla, bidhaa ambayo haiozi wala haipitwi na mtindo. Nick D'Aloisio, huyo wa Yahoo, aliuza programu yake ya Summly kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 30, Yahoo ikaiondoa sokoni mara moja kwa sababu ilichotaka ni teknolojia na watu wake, naye baadaye akaenda kusoma Oxford. Huyo naye hakuiona shule kuwa kamba.

Niongeze jambo moja ambalo halipendezi kwenye mabango ya hamasa. Wachumi waliochunguza mamilioni ya waanzilishi wa kampuni nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walikuta kwamba wastani wa umri wa kuanzisha kampuni ulikuwa karibu miaka 42, na kwa zile zilizokua kwa kasi kupita nyingine zote ulikuwa miaka 45. Kijana wa miaka 16 hajachelewa kitu. Ana miaka karibu 30 ya kujifunza kabla hajafika umri huo wa wastani.

Wakili wa Jioni

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu naona wote wawili mnazungumza kana kwamba kijana wa miaka 15 anaweza kusaini chochote. Katika nchi nyingi, mtu aliye chini ya miaka 18 anaweza kuingia mkataba, lakini mkataba huo kwa kawaida haumbani kama unavyombana mtu mzima, isipokuwa katika mambo ya lazima ya maisha yake au ya mafunzo yake. Wengi hufurahi wakisikia hivyo, wakidhani ni kinga tupu. Ni kinga, ila ina makali pande mbili.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1908 ambayo kila mwanafunzi wa sheria za mikataba hukutana nayo. Fundi nguo mmoja wa London alimshonea kwa mkopo mwanafunzi wa Cambridge, ambaye hakuwa ametimiza miaka 21 iliyokuwa umri wa utu uzima wakati huo, mavazi ya kifahari yakiwemo vizibao 11. Alipodai pesa zake alishindwa, kwa sababu baba wa kijana alikuwa tayari amempatia mwanawe nguo za kutosha, hivyo vizibao vile havikuwa mahitaji ya lazima. Tangu hapo umri umeshuka hadi 18, lakini funzo alilolipata fundi yule halijafutika kwa wafanyabiashara: ukimpa mtoto mali kauli, huenda huna pa kudai.

Matokeo yake leo ni kwamba muuzaji wa jumla, benki, na hata mitandao ya malipo hutaka jina la mtu mzima. PayPal, kwa mfano, hutaka mwenye akaunti awe na miaka 18. Kwa hiyo biashara nyingi za wanafunzi, tukizikagua kwa macho ya sheria, ni biashara za mama, za baba au za kaka mkubwa. Akaunti ni yake, laini ya simu ni yake, na mteja akidanganywa au kodi ikidaiwa, barua itakuja kwa jina lake. Nimeona familia zikigombana vibaya kwa jambo hili, si kwa sababu mzazi aliiba, bali kwa sababu pesa za mtoto na pesa za nyumbani zililala kwenye akaunti moja kwa miaka miwili bila mtu kuandika zipi ni zipi. Ushauri wangu ni karatasi moja yenye saini mbili: akaunti ni ya mzazi, pesa zilizomo kutokana na biashara fulani ni za fulani, na kila mwisho wa mwezi zinahesabiwa mbele ya wote wawili. Karatasi hiyo huenda isiwe na nguvu kubwa mahakamani, lakini ina nguvu mezani.

Kuhusu kampuni, sheria hutofautiana. Uingereza, kwa sheria yake ya kampuni ya mwaka 2006, inamruhusu mtu kuwa mkurugenzi akiwa na miaka 16, na nchi nyingine hutaka 18. Na kwa wanaoshangilia watoto wadogo kabisa, wakumbuke kwamba Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kazi kwa jumla, huku ukiziruhusu nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha kuanzia 14, na unakubali kazi nyepesi kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi hizo, mradi haimzuii mtoto kuhudhuria shule wala kunufaika na masomo. Mtoto kuitwa mjasiriamali hakumwondolei ulinzi huo.

Mama wa Watatu

Asanteni kwa mafundisho. Mwalimu amesema ruzuku iliyofichika, nami ndiye ruzuku yenyewe, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Binti yangu wa pili alianza kuuza mikoba ya vitambaa aliyoishona mwenyewe, na mwanzoni nilijivuna mpaka majirani wakanichoka. Baada ya miezi mitatu nikagundua kwamba mimi ndiye ninayepokea simu za wateja anapokuwa shuleni, ninayepeleka vifurushi, ninayesikiliza malalamiko ya mtu ambaye mkanda wake umefumuka, na usiku mimi ndiye ninayeshona kwa mkono pale ambapo cherehani imekataa. Yeye alikuwa akitangaza na kupokea pongezi. Siku moja nilimuuliza, kwa upole kabisa, mshahara wangu ni kiasi gani, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha ngeni.

Hatukugombana. Tulikubaliana kwamba kila saa yangu iandikwe, hata kama hailipwi, na kwamba mikoba isiahidiwe kabla haijashonwa. Hilo la pili ndilo lililotuokoa. Awali alikuwa akipokea oda kumi kisha ndipo anatafuta kitambaa. Sasa anashona mitano wakati wa likizo, ikiisha imeisha, na mteja anayetaka zaidi anasubiri likizo nyingine. Mauzo yamepungua, lakini nyumba imetulia. Sikujua kama hilo lina jina, ila nadhani ndilo Mwalimu anaita biashara inayoweza kusimama.

Mhariri Mdogo

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 17 na nipo mwaka wa mwisho wa sekondari. Ninahariri video za watu wanaotangaza bidhaa zao mtandaoni, nina wateja watatu wa kudumu, na nimeusoma uzi huu kuanzia juu huku nikijisikia kama mtuhumiwa.

Nakubaliana na hesabu za daftari, lakini kwa heshima zote, Mwalimu, kipimo chako kinafikiri kwamba kila mwanafunzi ana mtu wa kumlisha biashara ikisimama. Mimi sina uhakika huo. Mlezi wangu aliumia mgongo miaka miwili iliyopita, na tangu wakati huo karo yangu na ya mdogo wangu inatoka kwenye video hizo. Nikisimama wiki tatu kabla ya mitihani, inawezekana mitihani yenyewe nisiifanye. Kwangu swali lako linarudi kinyume: shule ikisimama wiki tatu, nani ataumia?

Niwaeleze inavyokuwa, kwa sababu wengi mnazungumza kwa mbali. Saa kumi na mbili jioni napokea picha mbichi, kwa kawaida dakika 40 za mtu akizungumza mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye glasi. Nakata vikohozi, narekebisha sauti, naweka maandishi, nashusha mpaka dakika moja na nusu. Ikifika saa nne usiku mteja anaandika: "Safi sana, ila badilisha muziki." Mabadiliko hayo ya bure ndiyo yanayoniua, si kazi yenyewe. Kuna usiku nilihesabu mabadiliko saba kwa video moja, na asubuhi yake nikajibu swali la kemia kwa kuandika jina la mteja kwenye sehemu ya jina langu.

Kwa hiyo siulizi kama niache. Nauliza nifanyeje.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba, binti. Umenishika pabaya, na umenishika kwa haki. Niliandika nikiwafikiria wanaotafuta pesa ya ziada, nikawasahau ambao pesa hiyo ndiyo karo. Kwa mtu kama wewe kipimo changu hakifai kama kilivyo, na ningekuwa mwalimu wako ningeanza na ofisi ya shule kabla ya kuanza na wateja wako: kama kuna namna ya karo kulipwa kwa awamu, au kuahirishwa mpaka baada ya mitihani, hiyo ni thamani kubwa kuliko mteja wa nne. Aibu ya kueleza hali ya nyumbani huwagharimu wanafunzi pesa nyingi kuliko hasara yoyote ya biashara niliyowahi kuiona.

Kuhusu kazi yenyewe, naona umeshaitaja dawa bila kukusudia. Umesema kinachokuua ni mabadiliko ya bure. Basi video hailipiwi kwa bei moja inayomeza kila kitu. Bei iwe na mabadiliko mawili ndani yake, la tatu liwe na gharama yake, na mwisho wa kupokea ujumbe uwe saa tatu usiku. Mteja anayelipia badiliko la tatu hugundua ghafla kwamba muziki wa kwanza haukuwa mbaya. Pili, weka akiba ya kazi. Waombe wateja wako picha za wiki tatu mapema, uzihariri wakati wa likizo, uwakabidhi zote, nao wazitoe kidogo kidogo. Hapo malipo yanaendelea wakati wewe umesimama, kama ile mashine kwa kinyozi.

Mpanda Ngazi

Hapo kwenye akiba ya kazi nimekubali, ingawa bado nasema mnawaogopesha. Lakini kuna kitu hamjakigusa: wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Kijana mwenye pesa darasani huanza kuonekana tofauti. Wenzake humkopa, humwonea gere, au humgeuza benki. Biashara haigombi, ni kweli, lakini wateja wakiwa ndio marafiki zako, kudai deni ni kupoteza rafiki, na kutodai ni kupoteza mtaji.

Mhariri Mdogo

Hilo ni kweli tupu, ndiyo maana sifanyi kazi na mtu yeyote wa shuleni kwetu.

Nimerudi pia kutoa taarifa. Ni siku tisa tangu Mwalimu aandike yale ya juu. Niliwatumia wateja wote watatu ujumbe mmoja, nikausoma mara nne kabla ya kuutuma, kwamba kuanzia sasa mabadiliko ni mawili, ujumbe baada ya saa tatu utajibiwa kesho yake, na kwamba ninaomba picha za wiki tatu mapema kwa sababu ya mitihani. Mmoja hakujibu chochote na nadhani ameshapata mwingine. Wa pili amekubali bila swali, jambo lililoniudhi kidogo, maana ningeweza kumwomba tangu mwaka jana. Wa tatu ameniuliza nina mitihani gani, na alipojua ni ya mwisho, amenitumia picha zote pamoja na nusu ya malipo. Ofisi ya shule nimepewa miadi Alhamisi, nitaenda na mlezi wangu.

Mama wa Watatu

Hongera mwanangu, Mungu akusimamie. Mwalimu, na yule kijana wa makava ameishia wapi? Maana umetuacha naye kwenye hasara ya 13.

Mwalimu wa Zamu

Yupo, mama, na daftari lake sasa ni la mauzo tupu, jiografia imepata lake. Ameongeza safu mbili, moja ya matumizi na moja ya saa, na juu ya kila ukurasa ameandika HAKUNA MKOPO kwa wino ule ule mwekundu. Makava 9 yaliyokuwa bado yanauzika ameuza 7, yote taslimu, na hatanunua mengine mpaka likizo. Wadaiwa 6 amewafuata mmoja mmoja: wawili wamelipa, watatu wanaendelea kukata kona, na mmoja, ambaye hana pesa kabisa, amemlipa kwa bikari na kipima pembe ambavyo havijatumika. Ameviingiza upande wa mapato kwa thamani ya 4, na kwenye safu ya maelezo ameandika: "Deni lilikuwa 5, nimepunguza 1 kwa sababu boksi limevunjika kona."